Cajal: Chali Mtundu Aliyefungwa Jela Akiwa na Miaka 11, Kisha Akaonyesha Dunia Vile Ubongo Umeundwa

Kama uko kampasi saa hii na supavaiza wako hajajibu imeili tangu mwezi jana, ama uko kwa keja unajiuliza kama hizi masomo zina maana yoyote, tulia kidogo nikupe stori ya jamaa mmoja Mhispania anaitwa Santiago Ramón y Cajal.

Pengine jina lake hujawahi kulisikia. Lakini daktari yeyote aliyewahi kukuangalia kichwa amefunzwa kitu huyu mzee aligundua. Ndiye alionyesha kwamba ubongo wako umeundwa kwa seli moja moja, kila moja ikijisimamia. Kabla yake, wasomi wengi waliamini ubongo ni wavu mmoja umeshikana kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka wa 1906 alipewa tuzo ya Nobel, na mpaka leo watu wengi humwita baba wa sayansi ya ubongo.

Sasa, hayo ya Nobel unaweza kuyapata popote. Mimi nataka nikuonyeshe vile huyu mse alisoma. Hakuwa na maabara ya maana, hakuwa na doo, na kwa miaka mingi hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Alichokuwa nacho ni wanafunzi. Na ukifuata maisha yake vizuri, utaona kila hatua kubwa aliyopiga ilianza na kumfundisha mtu mwingine.

Mzinga wa mbao na geti la jirani

Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha milimani kinachoitwa Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Buda yake, Justo Ramón, alitoka kwa familia maskini. Alianza kama msaidizi wa kinyozi, enzi zile vinyozi walikuwa pia wanafanya upasuaji mdogo mdogo, akasota na kujisomesha hadi akawa daktari. Mtu kama huyo si unajua vile huwa? Kwake masomo hayakuwa mchezo, na kijana wake lazima angekuwa daktari pia.

Shida ni kwamba kijana alitaka kuchora tu. Alichora kwa karatasi, kwa kuta, popote pale. Buda akaona hiyo ni njia ya kufa njaa, akampiga marufuku. Dogo akawa anachora mafichoni.

Na utundu ulikuwa mwingi. Akiwa na miaka 11, familia ikiishi mji wa Ayerbe, alichukua gogo akalichonga likawa mzinga. Akaujaza baruti na mawe, akalenga geti jipya la jirani. Geti lilitobolewa vibaya. Mwenye geti akakimbia kwa wakubwa wa mji, na Cajal akatupwa jela siku kadhaa. Buda yake hakukimbia kumtoa. Aliona acha akae huko kidogo apate akili.

Shule nayo ilikuwa ngori. Alipelekwa kwa mapadri mjini Jaca, ambako kazi ilikuwa kukariri Kilatini na kuchapwa. Alipokaa ngumu, adhabu ikawa kufungiwa na kunyimwa chakula. Baadaye akahamishiwa Huesca. Buda alipochoka kabisa, alimtoa shule akampeleka kuwa fundi mwanagenzi, kwanza kwa kinyozi, halafu kwa mshona viatu. Kwa viatu aliiva kweli, mikono yake ilikuwa na kipaji. Kumbuka hiyo mikono, tutarudi kwayo.

Usiku wa makaburini

Mwaka wa 1868, Cajal akiwa na miaka 16, buda yake alibadilisha mbinu. Aliona kama huyu kijana anapenda kuchora, basi apewe kitu cha maana cha kuchora.

Usiku mmoja wa mbalamwezi, baba na mwana waliruka ukuta wa makaburi. Siku hizo mifupa ya makaburi ya zamani ilikuwa ikifukuliwa na kurundikwa pembeni. Wakaokota mafuvu, mbavu, mifupa ya mapaja, wakabeba hadi nyumbani. Ghala la familia likageuka darasa. Justo alishika mfupa mmoja mmoja, akaeleza kila shimo na kila tuta, misuli gani inashika wapi, neva gani inapita wapi. Kijana akachora.

Hapo ndipo kitu kilibofya. Kwa mara ya kwanza, kitu alichokipenda na kitu buda alichokitaka vilikuwa kitu kimoja. Kijana aliyeshindwa na Kilatini akawa anaweza kukutajia kila sehemu ya fuvu akiwa amefumba macho.

Familia ilihamia jiji la Zaragoza, ambako Justo alipata kazi ya kufundisha anatomia. Santiago akajiunga na masomo ya udaktari hapo hapo, na kwa miaka mitatu hivi baba na mwana walishinda pamoja kwa chumba cha maiti, wakipasua na kuchora. Michoro ikawa mingi na mizuri hadi Justo akataka kuichapisha iwe kitabu. Lakini wachapishaji wa Zaragoza hawakuwa na mitambo ya kutoa picha za rangi za kiwango hicho, kwa hivyo mpango ukafa.

Kuna stori ingine ya wakati huo itakuchekesha. Cajal alishindwa na mwenzake kupigana mkono juu ya meza, akaumia roho vibaya. Akaenda kwa jumba la mazoezi, lakini hakuwa na doo ya kulipa. Akafanya dili na mwenye jumba: wewe nifunze kujenga mwili, mimi nitakufunza vile misuli hufanya kazi. Mwenye jumba akakubali. Cajal akapanda kifua hadi watu wakawa wanageuka barabarani. Kijana hajamaliza hata digrii, na tayari alikuwa ameona kwamba anachokijua anaweza kukifundisha kikamlipia kitu kingine.

Kuba ilikaribia kummaliza

Alimaliza udaktari mwaka wa 1873. Hakupumzika. Uhispania ilikuwa vitani nyumbani na pia kisiwani Kuba, koloni lake. Cajal akachukuliwa jeshini, akafanya mtihani wa madaktari wa jeshi, na mwaka wa 1874 akapandishwa meli kwenda Kuba.

Huko alikuta hospitali za porini, katikati ya vinamasi, zimejaa askari wanaougua. Wengi hawakuangushwa na risasi, waliangushwa na homa. Mbu hawakuangalia vyeo. Cajal mwenyewe alishikwa na malaria, halafu kuhara damu. Juu ya hayo, wakubwa wengine walikuwa wanakula chakula na pesa za wagonjwa, na alipojaribu kuwazuia alijitafutia maadui. Mwaka wa 1875 alirudishwa nyumbani akiwa amekonda, ngozi imekuwa ya manjano, ile misuli yote imeenda.

Lakini alirudi na malimbikizo ya mshahara wake. Hiyo doo itafanya kitu hivi karibuni.

Uzamifu wa Madrid

Mwishoni mwa 1875 alipata kibarua cha kuwa msaidizi wa kufundisha anatomia Zaragoza. Mshahara ulikuwa wa kuchekesha. Buda akamwambia dawa ni moja tu: tafuta shahada ya juu kabisa, uzamifu, ndiyo uweze kushindania kiti cha profesa.

Sasa sikia vile mambo yalikuwa. Uhispania ya siku hizo ilikuwa na vyuo vikuu kadhaa, lakini chuo cha Madrid pekee ndicho kilikuwa na ruhusa ya kutoa uzamifu. Ukiwa Zaragoza kama Cajal, ulijisomea mwenyewe huko kwenu, kisha ukasafiri kwenda kufanya mitihani na kutetea tasnifu mbele ya jopo. Hakuna supavaiza wa kukushika mkono. Asubuhi Cajal alikuwa akiwaonyesha wanafunzi jinsi ya kupasua maiti, jioni akigeuka mwanafunzi tena.

Mwaka wa 1877 alienda Madrid. Tasnifu yake ilihusu uvimbe wa mwilini, yaani kwa nini sehemu iliyoumia hugeuka nyekundu, ikavimba na kuuma. Alipita, akawa Dakta Cajal akiwa na miaka 25.

Lakini kilichombadilisha Madrid kilikuwa kitu kingine. Mtihani mmoja ulikuwa wa histolojia, sayansi ya kuangalia tishu za mwili kupitia hadubini. Mhadhiri wake, Aureliano Maestre de San Juan, alimkaribisha akamwonyesha vipande halisi vya tishu chini ya lenzi. Cajal alishtuka. Vitu alivyokuwa amevisoma vitabuni miaka yote hiyo, sasa alikuwa anaviona kwa macho yake.

Aliporudi Zaragoza alichukua sehemu ya ile doo ya Kuba akanunua hadubini ya Kifaransa aina ya Verick. Hakuweza kulipa mara moja, akalipa pole pole. Akaiweka juu ya nyumba, chini ya paa, na hapo ndipo maabara yake ya kwanza ilizaliwa. Cheti cha Dakta kilikuwa mfukoni tayari, na ndiyo kwanza alikuwa anaanza kujifunza utafiti.

Kukohoa damu, kufeli, kurudi

Usifikiri baada ya hapo mambo yalinyooka. Mwaka wa 1878, akiwa kwa bustani ya mkahawa anacheza chesi na rafiki, alianza kukohoa damu. Kifua kikuu. Alipelekwa milimani kupata hewa safi, dada yake akamuuguza, na kwa bahati akapona.

Mwaka wa 1879 alimuoa Silveria Fañanás, ingawa buda yake aliona kijana mgonjwa asiye na mboka ya maana hana haki ya kuoa. Watoto wakaanza kufika, mwishowe wakawa saba.

Wakati huo huo alikuwa anatafuta kiti cha uprofesa. Uhispania ulikipata kwa mashindano ya wazi: mnasimama mbele ya jopo, mnajibu maswali, mnatoa mhadhara, mnabishana. Cajal alijaribu akashindwa. Alijua mifupa kuliko wengi wao, lakini hakujua kuongea kwa mbwembwe, na mambo mapya yaliyokuwa yakichapishwa Ujerumani yalikuwa yamempita. Badala ya kulia, alirudi kwa vitabu, akajisukuma kusoma lugha za kigeni, akaendelea kukaa kwa hadubini. Akajaribu tena, akashindwa tena.

Akiwa bado anangoja, alitoa utafiti wake wa kwanza mwaka wa 1880, tena juu ya ule uvimbe wa tasnifu yake. Alichapisha nakala chache kwa pesa zake na picha akachora mwenyewe. Karibu hakuna aliyeusoma. Mwishoni mwa 1883 ndipo alishinda kiti cha profesa wa anatomia huko Valencia. Alikuwa na miaka 31.

Hadubini ya zawadi

Mwaka wa 1885 kipindupindu kilivamia Valencia. Watu walikufa wengi. Cajal aliweka kando tishu zake akageukia kuchunguza vijidudu, na serikali ya mkoa wa Zaragoza ikamwomba ripoti. Aliandika ripoti yenye kina hadi wakamzawadi hadubini mpya ya Zeiss kutoka Ujerumani, moja ya zile bora zaidi duniani wakati huo. Fikiria umekuwa ukipiga picha na simu ya mulika mwizi, halafu mtu anakupa kamera ya kuchukulia sinema.

Mshahara wa profesa bado haukutosha familia. Alifungua mafunzo ya histolojia nyumbani kwake, ya kulipia. Walikuja madaktari waliotaka kuongeza ujuzi, na wengine waliokuwa wakijiandaa kwa uzamifu kama yeye zamani. Hiyo doo ndiyo ilinunua kemikali. Kwa maneno mengine, wanafunzi wake ndio walikuwa wafadhili wake.

Na kwa ajili ya wanafunzi akaanza kuandika kitabu cha kufundishia histolojia. Alijiwekea sharti gumu: hatanakili picha za Wajerumani, kila picha itatoka kwa kipande alichokitengeneza mwenyewe. Kwa misuli na ngozi hakupata shida. Alipofika sura ya ubongo na neva, alikwama. Dawa za rangi alizokuwa nazo hazikuonyesha kitu cha maana, ilikuwa kama kuangalia kichaka usiku.

Seli nyeusi kwa mandhari ya manjano

Mwaka wa 1887 aliitwa Madrid kukaa kwenye jopo la kuchagua maprofesa. Safari hii yeye ndiye alikuwa upande wa wanaouliza maswali. Akatumia nafasi hiyo kuzunguka maabara za jiji, na daktari wa akili aliyeitwa Luis Simarro akamwonyesha slaidi za mbinu ambayo Muitaliano Camillo Golgi aliitoa mwaka wa 1873.

Mbinu yenyewe iko hivi. Unalowesha kipande cha ubongo kwenye dikromati ya potasiamu, kisha unakihamisha kwenye nitrati ya fedha. Zikikutana, hutengeneza chembe za rangi nyeusi ndani ya seli. Sasa maajabu: hazijazi kila seli, zinajaza chache tu. Hizo chache zinaonekana nzima, mwili na matawi yake yote, nyeusi tii juu ya manjano. Zingine zote zinabaki kama kioo.

Mbinu ilikuwa imekaa karibu miaka 15 na wengi waliipuuza kwa sababu haikutabirika. Leo inakubali, kesho inakataa. Cajal akaona hapa ndipo sura yake ya kitabu ilipokuwa imejificha.

Mwisho wa mwaka huo akahamia Barcelona, safari hii kama profesa wa histolojia, na akaingia kwa hiyo kazi mzima mzima. Hata chesi aliisare. Alirekebisha mbinu ya Golgi kwa kuilowesha tishu mara mbili na kukata vipande vinene kidogo. Kisha akapata wazo rahisi ajabu. Badala ya ubongo wa mtu mzima, ambao nyuzi zake zimefunikwa na mafuta yanayozuia rangi, achukue ubongo mchanga: vifaranga ambao bado wako ndani ya yai na wanyama waliozaliwa juzi. Ni kama kutembea msituni wakati miti bado ni miche, unaona kila mmoja umesimama wapi.

Alichokiona kilivunja yale aliyofundishwa. Wasomi wengi, Golgi akiwemo, waliamini neva zimeungana kuwa wavu mmoja, kama mabomba ya maji ya mtaa mzima. Cajal aliangalia ubongo wa nyuma wa ndege, nyuzi zikifika kwa seli kubwa na kuzizungukia kama kikapu, lakini mwisho wake ulikuwa huru. Ziligusana bila kuungana.

Fikiria matatu. Ukitoka Rongai kwenda Thika, hakuna gari moja refu linalonyooka toka huku hadi kule. Unashuka tao, unatembea hatua kadhaa, unapanda ingine. Ujumbe ndani ya kichwa chako husafiri hivyo, kutoka seli moja hadi nyingine. Na baadaye akaongeza kwamba njia ni ya upande mmoja: ujumbe huingia kwa matawi ya seli, hupita mwilini mwake, hutoka kwa ule uzi mrefu.

Ni haki kusema kwamba Waswisi wawili, Wilhelm His na August Forel, walikuwa wamedokeza wazo hilo mwaka mmoja hivi kabla yake. Lakini yeye ndiye alileta ushahidi, picha baada ya picha, kwa mikono ile ile iliyoshona viatu.

Nani atachapisha haya? Hakungoja majarida. Mei 1888 alianzisha jarida lake, karibu makala yote akiandika yeye. Alichapisha nakala 60 kwa pesa zake, nyingi akazituma kwa wasomi wa nje. Nyumbani Silveria alikuwa anafinya bajeti na watoto wadogo ili karatasi na kemikali zilipiwe. Hiyo sehemu ya stori watu huisahau sana.

Berlin, 1889

Nje, kimya. Kihispania hakikuwa lugha ya sayansi na wachache sana waliweza kukisoma. Basi Oktoba 1889 Cajal alikusanya akiba yake, akafunga slaidi na hadubini yake ya Zeiss, akapanda treni kwenda Berlin kwa mkutano wa chama cha wanaanatomia wa Ujerumani.

Alipanga slaidi zake mezani na kungoja. Wengi walimwangalia kama mtu amepotea njia. Kijerumani hakukiongea, Kifaransa chake kilikuwa cha kuungaunga. Hatimaye aliwavuta mmoja mmoja hadi kwa lenzi na kuwaacha waangalie wenyewe. Mwalimu yeyote mzuri anajua hiyo mbinu: ukiona maneno yamekataa, onyesha.

Mmoja wa waliotazama alikuwa Albert von Kölliker, mzee wa miaka 72, mkubwa wa histolojia Ulaya nzima, na alikuwa upande wa wale wa wavu. Alitazama, akatazama tena, akabadilisha msimamo. Akamchukua Cajal, akamtambulisha kwa wakubwa wengine. Baadaye huyo mzee alijifunza Kihispania ili aweze kusoma kazi za Cajal. Professa wa miaka 72, mse, anarudi darasani kwa sababu ya kijana kutoka Barcelona!

Mwaka wa 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer alikusanya ushahidi huo na kuzipa hizi seli jina tunalotumia leo, niuroni. Cajal akapata kiti Madrid mwaka wa 1892. Mwaka wa 1894 akaalikwa London kutoa mhadhara mbele ya Royal Society, akalala kwa Charles Sherrington, na chumba cha wageni akakigeuza maabara, mlango amefunga kwa ufunguo. Sherrington naye ndiye baadaye aliipa jina ile nafasi kati ya niuroni: sinapsi.

Nobel ya watu wawili wasiokubaliana

Mwaka wa 1906 tuzo ya Nobel ya tiba ikatolewa kwa wawili: Golgi aliyevumbua mbinu, na Cajal aliyeitumia kumwonyesha Golgi amekosea. Wakakutana Stockholm. Golgi alitangulia kutoa mhadhara, na akautumia kuipinga nadharia ya niuroni. Cajal akafuata na wake, akampa Golgi heshima ya mbinu, kisha akaonyesha alichokiona. Miaka ya 1950, hadubini za elektroni zilipokuja, ile nafasi kati ya seli ikaonekana wazi. Mhispania alikuwa sahihi.

Baada ya hapo angeweza kukaa tu akule sifa. Serikali ilimtaka awe waziri, akakataa. Alipopewa maabara ya taifa, aliomba mshahara waliompangia upunguzwe. Mwaka wa 1907 akakubali kuongoza bodi mpya iliyotoa ufadhili kwa vijana wa Uhispania kwenda kusoma nje na kurudi na ujuzi. Ni kama alikumbuka Zaragoza, yeye na daftari lake, hakuna wa kumuuliza swali.

Maabara yake ikawa shule. Jorge Francisco Tello, Fernando de Castro na Rafael Lorente de Nó walipita hapo. Pío del Río-Hortega naye alitambua aina nzima ya seli za ubongo zinazoitwa mikroglia. Lakini nisikudanganye, mzee hakuwa malaika. Mwaka wa 1920 alikosana na Río-Hortega vibaya hadi akamfukuza kwa maabara, na kijana akalazimika kuendelea kwingine. Hata mwalimu mkubwa anaweza kumuumiza mwanafunzi wake bora.

Alistaafu ualimu mwaka wa 1922 akiwa na miaka 70. Silveria akafariki mwaka wa 1930. Yeye aliendelea kuandika, na kazi yake kubwa ya mwisho kuhusu niuroni ilitoka mwaka wa 1933. Alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934, akiwa na miaka 82. Ameacha michoro karibu 3,000, na ingine bado iko vitabuni vya leo. Buda yake aliogopa kuchora kutamfanya alale njaa.

Sasa wewe

Nikiri tu, mimi niliacha kampasi kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina mdomo wa kukuhubiria kuhusu digrii. Lakini nilipokuwa napitia maisha ya huyu jamaa, kuna kitu kilinishika. Mifupa aliijua kwa sababu buda yake alikaa chini akamfundisha. Pesa za kemikali zilitoka kwa watu aliowafundisha. Na seli za ubongo alizifikia kwa sababu alikuwa anaandikia wanafunzi kitabu na akakataa kuwadanganya kwa picha za kunakili. Ukiondoa ufundishaji kwa hii stori, ugunduzi wenyewe unaanguka.

Kwa hivyo kama uko kwa masomo na kuna sehemu inakulemea, jaribu kitu kimoja wiki hii. Tafuta mtu wa mwaka wa kwanza, ama hata dogo wa jirani, umweleze hiyo sehemu hadi aelewe. Pale utakapokwama ukieleza, piga alama. Cajal alikwama kwenye sura ya ubongo, na hakuiruka.